Kabla ya kutoa notisi ya kuacha kazi, jiandae kuambiwa "nenda leo"

Barua ya kuacha kazi huandikwa na mtu mmoja, lakini matokeo yake hubebwa na nyumba nzima. Mzazi anayehamia kazi nyingine hupiga hesabu ya mshahara mpya, nauli ya kufika huko na saa atakayorudi kwa watoto jioni. Kinachosahaulika ni mwezi mmoja ulio katikati, yaani mwezi wa notisi. Wengi huuchukulia kuwa mshahara wa hakika: watafanya kazi hadi siku ya mwisho, watalipwa, kisha waanze upya kwingine.

Mara nyingi huwa hivyo. Lakini wapo wanaokabidhi barua asubuhi, na kufikia adhuhuri wameshasindikizwa hadi langoni na bawabu.

Chukua mfano wa mama wa watoto wawili anayeshika hesabu katika duka la jumla mjini Nakuru kwa mshahara wa Sh48,000. Amepata kazi katika kampuni nyingine na ataanza Julai 2. Mnamo Juni 3 anamkabidhi mwajiri wake notisi ya siku 28. Hesabu yake ya nyumbani imekaa sawa: mshahara wa Juni utalipa kodi ya nyumba na salio la karo, na ule wa Julai utatoka kwa mwajiri mpya.

Mwajiri anaisoma barua, anaikunja na kumwambia, "Kama umeamua kwenda, nenda leo." Hasemi lolote kuhusu pesa. Mama anafika nyumbani saa nane mchana. Kuanzia hapo, nyumba hiyo ina wiki nane hivi kabla ya kuona mshahara mwingine, kwa sababu kazi mpya italipa mwisho wa Julai.

Je, mama huyu amejiuzulu au amefutwa? Na mshahara wa zile siku 28 umekwenda wapi?

Sheria inasema nini

Jibu limo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, na linatia moyo kuliko wafanyakazi wengi wanavyodhani.

Kifungu cha 35 kinasema kuwa mtu anayelipwa kwa mwezi anaweza kuacha kazi, au kuachishwa, kwa notisi ya maandishi ya siku 28. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, tuseme miezi miwili au mitatu, muda wa mkataba ndio unaofuatwa. Aliye katika kipindi cha majaribio anahitaji notisi isiyopungua siku saba. Kibarua anayelipwa kila jioni hana notisi, lakini akiwa amefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, kifungu cha 37 humhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, na siku 28 zinamhusu.

Kifungu kinachomgusa mama wa Nakuru ni cha 38. Kinasema kuwa mfanyakazi akitoa notisi, kisha mwajiri akaamua kutoihitaji yote au sehemu yake, mwajiri atamlipa ujira wa muda ambao haukufanyiwa kazi, isipokuwa wawili hao wakubaliane vingine. Bosi ana uhuru wa kusema "nenda leo", lakini itambidi alipie.

Kwa hiyo mama huyo anadai mambo manne. Kwanza, ujira wa siku alizofanya kazi mwezi wa Juni. Pili, ujira wa siku 28 za notisi. Tatu, malipo ya siku za likizo ambazo hajazitumia. Sheria inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na anayeondoka katikati ya mwaka baada ya kufanya kazi angalau miezi miwili huhesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi alioumaliza. Miezi mitano ni karibu siku tisa. Nne, cheti cha utumishi kinachoonyesha tarehe aliyoanza kazi, tarehe aliyoacha na aina ya kazi aliyofanya. Mwajiri halazimiki kumsifu katika cheti hicho, lakini kukataa kukitoa ni kosa kisheria.

Mtego uko katika yale maneno "wakubaliane vingine". Mfanyakazi aliyeshtuka, au aliyefurahi kupata mapumziko kabla ya kazi mpya, hutiwa karatasi mkononi pale pale ofisini. Karatasi inasema amekubali kuondoka bila malipo ya notisi, au kwamba amelipwa kila anachodai. Akitia sahihi, amejifungia mlango mwenyewe.

Hali huwa tofauti pia iwapo mfanyakazi ndiye anayeomba kuachiliwa mapema ili awahi kazi mpya. Hapo hawezi kudai mshahara wa siku alizoomba zikatwe. Na akiondoka bila notisi wala makubaliano, yeye ndiye anayedaiwa, kwa kuwa kifungu cha 36 kinamruhusu kila upande kuvunja mkataba papo hapo mradi umlipe mwenzake ujira wa muda wa notisi.

Muda wa notisi si likizo

Kuna hatari ya pili, ambayo ni mbaya zaidi. Mfanyakazi anatoa notisi, anaruhusiwa kuendelea, kisha wiki ya pili anapigwa kalamu kwa madai ya utovu wa nidhamu. Anayefutwa namna hii kwa sababu halali hupoteza malipo ya notisi, na rekodi yake inachafuka wakati ambapo mwajiri mpya bado hajamzoea.

Barua ya kujiuzulu si ngao. Hadi siku ya mwisho, aliyetoa notisi bado ni mfanyakazi, na makosa yanayoweza kumfuta mtu bila notisi yanamhusu kama kawaida: kukosa kazini bila ruhusa, kupuuza kazi, kuja mlevi, kumtusi mkubwa wa kazi au kukataa agizo halali. Ndiyo maana wiki hizi si za kufika saa nne, kutuma vijembe katika kundi la WhatsApp la ofisi au kunakili orodha ya wateja kwenda nayo. Mwajiri mwenye kinyongo hutafuta sababu, na kumpa moja ni kumsaidia.

Lakini mwajiri naye ana mipaka. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 kinamtaka amweleze mfanyakazi kosa lake katika lugha anayoielewa na asikilize utetezi wake, mfanyakazi akiwa pamoja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Hata anayefutwa kihalali lazima alipwe siku alizokwisha kufanya kazi. Na ikibainika kwamba madai yalitungwa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba inaweza kuamuru fidia ya hadi mshahara wa miezi 12.

Mwajiri pia hawezi kumzuia mtu kuondoka kwa kusema tu kwamba hajaikubali barua yake. Kujiuzulu ni uamuzi wa mfanyakazi. Kwa upande mwingine, barua ikishapokelewa, kuirudisha kunahitaji ridhaa ya mwajiri. Anayeandika kwa hasira Ijumaa jioni, akitumaini kwamba Jumatatu atabembelezwa abaki, anauchezea unga wa watoto.

Kabla barua haijatoka nyumbani

Kwa kuwa siku ya barua inaweza kuwa ndiyo siku ya mwisho kazini, maandalizi yote hufanywa kabla yake.

La kwanza ni kazi mpya yenyewe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ahadi ya simu haitoshi. Mzazi anahitaji barua ya ajira iliyotiwa sahihi, yenye mshahara na tarehe ya kuanza. Aisome hadi mwisho, maana baadhi ya barua huweka masharti: uchunguzi wa afya, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, au maoni ya waajiri wa zamani. Masharti hayo yatimizwe kwanza, ndipo notisi iandikwe. Na kama mwajiri mpya atampigia bosi wa sasa, mzazi aombe simu hiyo isubiri hadi barua iwe imefika. Bosi anayepata habari kwa watu huwa na hasira mara mbili.

La pili ni tarehe. Kutoa notisi siku mbili kabla ya mshahara kuingia ni kuuweka mshahara huo mezani pa mtu aliyekasirika. Ni haki ya mfanyakazi, na hatimaye utalipwa, lakini "hatimaye" hainunui unga. Ikiwezekana barua itoke baada ya mshahara kuingia kwenye akaunti. Wenye watoto shuleni waangalie pia kalenda ya mihula, ili mwezi wa pengo usiangukie wiki ya kulipa karo.

La tatu ni akiba ya mwezi mmoja: kodi ya nyumba, chakula, nauli ya shule na mchango wa chama. Kama akiba haipo, pengine tarehe ya kuanza kazi mpya ndiyo inayofaa kujadiliwa. Waajiri wengi wapya huelewa mtu anapoeleza kwamba ana notisi ya kutumikia.

La nne ni mkopo wa Sacco. Makato yakizoea kutoka kwenye mshahara, mtu husahau kwamba mshahara ukikatika nayo hukatika. Wanaotafutwa kwanza ni wadhamini, na mara nyingi hao ni wenzake wa meza ya pili ofisini. Ziara moja ya kupanga jinsi ya kulipa katika mwezi wa pengo huokoa pesa na urafiki.

La tano ni matibabu. Bima ya kampuni mara nyingi hufungwa siku mtu anapoondoka. Mtoto mwenye miadi ya meno au macho aonwe mapema. Mchango wa SHA nao hukatwa na mwajiri, hivyo mzazi ahakikishe mwajiri mpya anaupokea bila mwanya.

La sita ni karatasi. Mkataba, barua za kupandishwa cheo, hati za mshahara na fomu za P9 zinazohitajika wakati wa kuwasilisha ripoti ya kodi kwa KRA ziwe nyumbani au katika barua pepe ya mtu binafsi. Akiambiwa aondoke, barua pepe ya ofisi itafungwa kabla hajafika kituo cha matatu. Achukue zinazomhusu yeye tu, si nyaraka za kampuni.

Zaidi ya yote, mwenzi wake awe anajua. Si jambo geni mke au mume kugundua kwamba mwenzake aliacha kazi pale kodi ya nyumba inapokosekana. Watoto nao waambiwe, lakini baada ya bosi kujua. Mtoto wa darasa la tatu hana siri, na huenda rafiki yake wa dawati ni mtoto wa meneja. Akishaambiwa, inatosha kumweleza kwamba mama au baba anabadilisha kazi na kwamba mwezi huu hakutakuwa na matembezi. Mtoto hutishwa zaidi na minong'ono ya usiku kuliko ukweli mfupi.

Siku ya barua, na jibu la "nenda leo"

Barua yenyewe iwe fupi. Inatosha kusema: "Ninatoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Julai 1." Malalamiko ya miaka mitano hayana nafasi humo. Tarehe zihesabiwe vizuri: barua ikikabidhiwa Juni 3, hesabu inaanza Juni 4 na siku ya 28 ni Julai 1. Ziandaliwe nakala mbili, na moja irudi nyumbani ikiwa na sahihi na tarehe ya aliyeipokea. Nakala nyingine itumwe kwa barua pepe.

Akiambiwa aondoke, hasira haimsaidii. Aombe agizo hilo kwa maandishi. Wakikataa kuandika, aandike yeye siku hiyo hiyo, kwa upole: "Leo Juni 3 nimewasilisha notisi ya siku 28. Niko tayari kufanya kazi hadi Julai 1. Meneja ameniagiza niondoke leo. Naomba nilipwe siku nilizofanya kazi, muda wa notisi kulingana na kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira, na siku zangu za likizo. Naomba pia cheti cha utumishi."

Maneno "niko tayari kufanya kazi" yana uzito. Yanaonyesha kwamba hakutoroka wala hakuomba kuondoka mapema. Bila hayo, miezi miwili baadaye mwajiri anaweza kudai kwamba mfanyakazi alitoweka, na ikawa neno la mmoja dhidi ya la mwingine.

Kisha akabidhi funguo, simu na kompyuta ya kampuni kwa orodha iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Karatasi ya "nimelipwa kila kitu" isitiwe sahihi kabla pesa hazijaonekana kwenye akaunti. Anayelazimishwa aseme anaomba kwenda kuisoma nyumbani.

Malipo yasipokuja, hatua inayofuata ni ofisi ya leba ya kaunti, na baada ya hapo ni mahakama. Sheria inatoa muda wa hadi miaka mitatu kuwasilisha kesi ya mkataba wa kazi, lakini kadiri siku zinavyopita ndivyo karatasi na mashahidi wanavyopotea. Hata kwa aliye na haki kamili, njia hiyo huchukua muda. Pesa hizo zidaiwe, ila zisihesabiwe katika karo ya muhula huu.

Nyumbani nako kuna mwajiri

Mzazi akishaelewa uchungu wa kuambiwa "nenda leo", inafaa autazame mlango wa jikoni. Nyumba yenye yaya ni mahali pa kazi, na Sheria ya Ajira inamlinda yeye kama inavyomlinda karani wa benki. Akilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 kwa pande zote mbili.

Malalamiko ya familia nyingi yanafanana. Yaya aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa Krismasi na hakurudi. Mwingine aliondoka Jumatatu alfajiri, mama akabaki na mtoto wa miezi minane mgongoni na mkutano wa saa mbili. Huambiwa kwamba hawa wasichana hawana shukrani. Nadra kuuliza ni nini humpata yule anayesema mapema.

Katika nyumba nyingi, yaya akisema Jumapili kwamba ataondoka mwisho wa mwezi, usiku huo huo begi lake hukaguliwa na asubuhi anaambiwa ashike njia. Kwingine anabaki, lakini mshahara wake unazuiwa ili asiondoke, au unakatwa kwa sababu ya sahani zilizovunjika tangu Pasaka. Habari hizo hufika kwa wenzake wa ploti nzima. Anayefuata anajifunza kwamba njia salama ni kulipwa, kunyamaza na kutorudi. Hapo si shukrani iliyokosekana. Amefanya hesabu ile ile ambayo mama wa Nakuru angeifanya kama angejua yatakayompata.

Dawa yake haina gharama kubwa. Siku ya kuajiri, mwenye nyumba na yaya wakubaliane kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: mshahara, siku ya kupumzika, na kwamba anayetaka kuvunja mkataba atamwambia mwenzake siku 28 kabla. Mwenye nyumba aongeze ahadi moja na aitimize: akisema anaondoka, hatafukuzwa, na mshahara wake wa mwisho utalipwa wote pamoja na siku za likizo. Kama familia inaona haiwezi kuendelea kukaa naye baada ya kusema, imlipe siku zilizobaki na kumsindikiza stejini kwa heshima.

Anayefaidika zaidi na mwezi huo wa notisi ni mtoto. Yaya mpya anapata wiki moja ya kukaa na yule anayeondoka, anaonyeshwa dawa ya pumu inakaa wapi, anajifunza kwamba mtoto halali bila taa ya koridoni na kwamba uji wake hautiwi maziwa. Na mtoto anapata nafasi ya kuaga, badala ya kuamka siku moja na kumkuta mtu mgeni jikoni.